Ruhusa ya Kupachika Diski

Wengi wetu hubeba kazi zetu katika flashi. Lakini katika mashine zitumiazo Unix na jamaa zake, kama Linux na FreeBSD, mwanafunzi aweza kuchomeka flashi yake, akaandika amri ya mount, akajibiwa kwamba hana ruhusa. Kwa nini azuiwe kufungua mali yake mwenyewe?

Unix ilianzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani. Ndani yake faili zote hupangwa kama mti mmoja. Diski mpya haisomeki mpaka ipachikwe kama tawi katika folda fulani ya mti huo. Kwa desturi, kupachika ni kazi ya mkuu wa mashine, aitwaye ruti, ambaye hafungiwi mlango wowote.

Hatari yenyewe ni hii. Kila faili ina mwenyewe, na ziko programu zenye alama iitwayo setuid. Programu ya namna hiyo hufanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili, si ya yule aliyeiendesha. Ritchie ndiye aliyebuni alama hiyo, akapewa hataza yake mwaka 1979. Sasa mtu aliye ruti katika kompyuta ya nyumbani aweza kutengeneza programu ya ruti yenye alama hiyo, akaitia katika flashi. Ikipachikwa shuleni bila tahadhari, akaiendesha, papo hapo amekuwa mkuu wa mashine. Aweza kusoma barua za wenzake, hata kubadili matokeo ya mitihani.

Kumpa kila mtu neno la siri la ruti ili asisumbue si dawa. Ni kama kumpa mgeni ufunguo wa ghala kwa sababu ameomba maji ya kunywa. Njia zilizo bora ni hizi:

Kwanza, katika Linux, mkuu huandika mstari mmoja katika faili /etc/fstab, akitaja diski, folda yake, na neno user. Hapo mtu yeyote aweza kuipachika, na mbali na ruti, aliyeipachika ndiye awezaye kuibandua. Akiandika users, yeyote aweza kuibandua. Maneno hayo huleta masharti matatu: nosuid, yaani alama ya setuid haitambuliwi; nodev, yaani faili za vifaa zilizomo hazifanyi kazi; na noexec, yaani programu zilizomo haziendeshwi moja kwa moja.

Pili, katika FreeBSD, mkuu huweka vfs.usermount kuwa 1. Mtumiaji lazima awe na ruhusa juu ya kifaa chenyewe, na folda ya kupachikia iwe mali yake. OpenBSD nayo ilikuwa na ruhusa kama hiyo, lakini iliondolewa katika toleo la 6.0, mwaka 2016.

Tatu, katika Linux nyingi za siku hizi, programu iitwayo udisks hupachika kwa niaba ya mtu aliyeketi mbele ya mashine, baada ya kuiuliza polkit kama anaruhusiwa. Njia hii ni nyepesi, lakini nayo yataka uangalifu. Mwaka 2025 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro katika libblockdev, ambayo udisks huitegemea: wakati wa kubadili ukubwa wa diski ya aina ya XFS, diski ilipachikwa kwa muda mfupi bila nosuid. Muda huo ulitosha kumfanya mtumiaji wa kawaida awe ruti. Kasoro hiyo imekwisha kurekebishwa, lakini mashine isiyosasishwa bado imo hatarini.

Basi ninyi mliokwisha kumaliza shule, mnaotunza mashine maofisini, wapeni watu ruhusa wanayoihitaji, wala msisahau masharti yake. Nasi wanafunzi tuzibandue diski zetu kabla ya kuzichomoa, kwani mashine huweza kushika maandishi kwanza katika kumbukumbu yake, ikayaandika baadaye. Haraka haraka haina baraka.