Elimu ya Mama na Urithi wa Mwana

Baba huuliza: binti yangu akizidi kusoma, mjukuu wangu atapata nini?

Mwaka 2014 wataalamu waliowapima watoto wachanga wa vijijini Gambia walieleza kwamba alama ndogo ziamuruzo chembe za urithi zifanye kazi au zinyamaze zilitofautiana kwa majira mimba ilipotungwa, na kwa virutubishi vilivyokuwamo katika damu ya mama siku zile. Urithi wenyewe haukugeuka.

Basi herufi za ubaoni haziingii tumboni. Ila mama aliyesoma huweza kujua thamani ya mboga za majani na dengu tangu kabla hajabeba mimba, na akaiogopa tumbaku.

Lakini, ewe mume, ikiwa ayajua hayo nawe humpi fedha ya sokoni, je, aitie elimu hiyo chunguni?