NJIA PANDA HAITAKI UBISHI

Wahenga walisema ajali haina kinga. Siwapingi, lakini huu ni mwaka wangu wa tatu wa kuvuka njia panda kila asubuhi nikija shule kwa miguu, na naona kwamba ajali za hapo nyingi zina kinga. Kinga yenyewe ni udereva wa kujihami.

Kujihami ni nini? Mjomba wangu ni dereva wa lori, naye hunieleza hivi: dereva wa kawaida akifika njia panda hujiuliza, "Zamu ni ya nani?" Dereva anayejihami hujiuliza, "Yule ameniona? Na asiposimama, nitafanyaje?"

Njia panda ina hatari yake. Katika barabara iliyonyooka, gari hugongwa mbele au nyuma, ambako kuna boneti na buti za kupunguza kishindo. Njia panda hugongwa ubavuni, na hapo abiria amekingwa na mlango tu.

Sasa tupige hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, tayari gari limeenda mita 14 kabla breki hazijashika! Ndiyo maana dereva mwerevu huondoa mguu kwenye mafuta mapema na kuuweka tayari juu ya breki.

Haya ndiyo mambo ya kukumbuka:

1. Alama ya pembe nane inakuambia usimame kabisa, hata barabara ikiwa tupu. Pembetatu iliyopinduliwa inakuambia uwape wengine njia.

2. Taa ya njano haisemi "ongeza moto" kama wanavyodhani jamaa wengine. Inasema simama, isipokuwa umekaribia mstari mno na huwezi kusimama salama. Hata kijani ikiwaka, tazama kulia na kushoto kwanza. Huenda kuna mtu anayekimbia nyekundu.

3. Kwenye mzunguko, kwa vile Kenya tunaendesha upande wa kushoto, wape njia walio ndani wanaotoka kulia kwako.

4. Usiamini indiketa peke yake. Pengine mwenye gari amesahau kuizima. Ngoja uone gari linapunguza mwendo na kuanza kupinda.

5. Wewe wa bodaboda au baiskeli, usijipenyeze kushoto kwa lori linalotaka kupinda kushoto. Ikiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Na sisi tunaotembea je? Matatu ikisimama kutupisha, tusichomoke mbio. Nyuma ya matatu hiyo huenda kuna gari jingine linaloipita, na dereva wake hatuoni. Tufike ubavuni mwa matatu, tuchungulie, kisha tuvuke.

Najua wako watakaosema kwamba kumpa mtu njia wakati zamu ni yako ni woga. Nawajibu kwa methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sheria inaweza kusema wewe ndiwe mwenye haki, na askari akaandika hivyo kwenye kitabu chake, lakini haki haiungi mfupa uliovunjika. Mwenye kosa na asiye na kosa hulazwa wodi moja.

Wenzangu, bado kitambo kidogo tutafikisha miaka 18 na kuanza kutafuta leseni za gari. Tusingoje mwalimu wa udereva atufundishe kujihami. Tuanze leo jioni kengele ikilia, tukiwa kwa miguu, kwa baiskeli au ndani ya matatu. Ukichelewa nyumbani dakika moja, mama atakupa chakula tu. Usipofika kabisa, atafanyaje?