Mpaka wa Namanga umfae na mchuuzi

Ukitoka Arusha kwenda Nairobi siku hizi, Namanga hupangi foleni mara mbili. Unaupita upande wa Tanzania, unaingia jengo la Kenya, na humo unawakuta maofisa uhamiaji wa nchi zote mbili: mmoja anakugongea muhuri wa kutoka, mwenzake wa kuingia. Kituo hicho cha pamoja kilizinduliwa Desemba 2018 na Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta, na kwa madereva wa malori ni nafuu kubwa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliahidi kwamba bidhaa, huduma, mitaji na wafanyakazi vitavuka kwa uhuru. Mitaji haikuchelewa, benki za Nairobi zina matawi Dar es Salaam. Aliyebaki nyuma ni mtu wa kipato kidogo.

Kwa utaratibu uliopo, mzigo usiozidi dola 2,000 uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huvuka kwa cheti rahisi cha uasili, bila ushuru wa forodha. Hata hivyo, wapo akina mama wa maharage na vitunguu ambao bado hupita njia za panya, ama kwa kutoujua utaratibu huo, ama kwa kuogopa usumbufu. Wakikamatwa, mzigo na mtaji huenda pamoja.

Kikwazo kingine kwa mtu huyo wa kipato kidogo kilikuja Julai 2025, Tanzania ilipopiga marufuku wageni kufanya biashara 15, zikiwamo uwakala wa pesa kwa simu, saluni na kuongoza watalii. Kilio kilichotangulia kilitoka soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara wazawa walilalamika kwamba Wachina waliokuwa wakiwauzia kwa jumla sasa wanafungua maduka ya rejareja. Kilio hicho ni cha haki. Ila amri ilimgusa pia msusi kutoka Kenya, na Nairobi ililalamika kwamba itifaki imekiukwa.

Utandawazi hauna budi kuwekewa masharti, lakini yampime kila mtu kwa uzito wake. Mwenye mtaji mkubwa kutoka mbali na jirani mwenye kiti kimoja cha saluni hawawezi kuwekwa katika kapu moja. Serikali zetu zimtenge raia wa Jumuiya katika amri za namna hii, na utaratibu wa cheti cha uasili uelezwe kwa Kiswahili masokoni, kabla mchuuzi hajafunga mzigo wake.