Mvinyo wa Barafu na Somo kwa Zabibu za Dodoma

Mtoto wa Ubungo anayefyonza barafu ya ubuyu huijua kanuni hii kabla hajaanza shule: utamu na rangi hutoka kwanza, kisha mkononi hubaki donge jeupe lisilo na ladha. Maji yakiganda, huitenga sukari. Mvinyo wa barafu umejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo.

Zabibu huachwa mtini hadi majira ya baridi kali. Zikiganda, huchumwa usiku au alfajiri na kukamuliwa zingali ngumu. Barafu hubaki ndani ya mashine, na kinachochuruzika ni juisi kidogo, nzito, yenye sukari na ukali mwingi. Hamira huhangaika katika utamu huo. Huchachusha polepole, kisha huchoka kabla haijaimaliza sukari. Ndiyo maana mvinyo huwa mtamu bila kuongezwa chochote.

Chanzo chake kinachotajwa sana ni kijiji cha Dromersheim, Ujerumani. Mavuno ya 1829 yalikuwa duni, wakulima wakaziacha zabibu shambani ziwe chakula cha mifugo. Februari 1830 walipozikamua zikiwa zimeganda, wakakuta juisi tamu ajabu.

Ujuzi huo ulivuka bahari na familia. Walter Hainle, mhamiaji kutoka Ujerumani, alianza kutengeneza mvinyo huo katika bonde la Okanagan, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya nyumbani kwanza. Mvinyo wa mavuno ya 1978 ndio familia yake iliouingiza sokoni. Upande wa Ontario, Karl Kaiser wa kampuni ya Inniskillin alijaribu mwaka 1983, ndege wakazila zabibu zote. Mwaka uliofuata alifunika mizabibu kwa nyavu, akafaulu. Mwaka 1991 mvinyo wa Inniskillin ulitwaa tuzo ya juu kwenye maonyesho ya Bordeaux, Ufaransa.

Kilichoulinda ushindi huo ni kanuni. Nchini Kanada, zabibu lazima zigande zenyewe mtini, kwenye baridi ya nyuzi 8 chini ya sifuri au zaidi. Atakayezigandisha kwenye friza haruhusiwi kuandika jina la mvinyo wa barafu kwenye chupa.

Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, hakuna usiku wa baridi ya namna hiyo. Kuna jua, ukame wa miezi mingi na mavuno mawili kwa mwaka. Nalo jua huondoa maji kwenye zabibu: Waitaliano hukausha baadhi ya zabibu zao kabla ya kuzikamua, na kupata mvinyo mtamu unaoheshimiwa duniani.

Hapo ndipo ninapowaomba watengenezaji wetu, watafiti wa zabibu wa Makutupora na Shirika la Viwango Tanzania watazame. Tusiigize baridi ya watu. Tuwe na mvinyo wa zabibu zilizokaushwa kwa jua la Dodoma, wenye jina lake na kanuni iliyoandikwa, ili mkulima apate njia nyingine ya kuuza zabibu zinazomwozea shambani.

Nawe mnunuzi, mabasi ya Dodoma yanaposhusha abiria Mbezi Luis, hapa hapa wilayani Ubungo, soko la kwanza la mvinyo huo ni wewe. Uliza utamu wa chupa unayonunua umetoka wapi: kwenye zabibu, au kwenye mfuko wa sukari?