Mama anayepika ana neno kwa fundi

Wiki hii tuzungumze juu ya ubunifu. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiri ni mambo ya chuo kikuu, michoro na kompyuta. Lakini sisi wa Goma tunauona ubunifu kila asubuhi barabarani: chukudu.

Chukudu haikuletwa na kampuni ya mbali. Mafundi wa Kivu ya Kaskazini wamekuwa wakiichonga kwa mikono tangu miaka ya 1970. Gurudumu la mti linavishwa mpira wa tairi kuukuu, na breki ni kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Inabeba mamia ya kilo za viazi, mbao na makala. Leo sanamu yake ya rangi ya dhahabu imesimama pale Rond-point Chukudu. Imedumu kwa sababu aliyeitengeneza aliijua kazi na njia yetu ya mawe.

Sasa tuangalie jikoni. Mbabula ya bati tupu inapoteza joto pande zote. Makala yanaisha upesi, na pesa ambayo ingelipa minervali ya mtoto inageuka majivu. Msitu wa Virunga nao unaumia.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na shida hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wabunifu wao walichukua wazo la jiko la udongo kutoka Thailand. Hawakuliiga lilivyo. Walitengeneza jiko la bati lenye udongo uliochomwa ndani ili joto lisipotee, likabanwa kiunoni na kupanuliwa chini, lisianguke mama anaposonga ugali kwa nguvu. Mafundi wa bati wa Nairobi wakajifunza kulitengeneza. Likitengenezwa vizuri, linaweza kupunguza makala kwa theluthi moja hivi.

Hata katika vyuo vikuu fikra hiyo ni ya zamani. Selby Mvusi, msanii wa Afrika Kusini aliyefundisha ubunifu Nairobi hadi alipofariki mwaka 1967, alitaka mbunifu aanze na maisha ya jamii yake. Kwetu sisi maana yake ni hii: anayepika kila siku anajua jambo ambalo mchoraji halijui.

Teknolojia mpya tunaikaribisha. Umeme wa maji wa Matebe, huko Rutshuru, ulianza mwaka 2015. Hata hivyo nyumba nyingi za Goma bado zinapika kwa makala. Wakati tunasubiri, tusikae kimya mbele ya mbabula mbaya.

Tunapendekeza kila kikundi kifanye hivi:

Kwanza, tupime. Mama wawili wapike maharagi ya kipimo kimoja, kila mmoja na kopo moja la makala, mmoja kwa mbabula ya kawaida, mwingine kwa jiko lenye udongo. Tuone makala ya nani yanaisha kwanza.

Pili, tuandike kasoro. Je, sufuria kubwa inakaa vizuri? Udongo umepasuka baada ya muda gani? Mkono unaungua wapi?

Tatu, twende kwa fundi pamoja. Mama mmoja akilalamika, fundi anaweza kumwambia anunue au aache. Mama ishirini wa likelemba wakija na pesa na maelezo, atasikiliza, maana hao ni wateja ishirini.

Neno la usalama: jiko lolote la makala, hata lililo bora, lisiingizwe lingali na moto katika chumba kilichofungwa, hata siku ya baridi. Hewa yake haina harufu kali, lakini inaua watu usingizini.

Mikono yetu inajua uzito wa sufuria na bei ya kopo la makala. Huo ni ujuzi wa kazi. Katika mkutano ujao, kila kikundi kije na kasoro tatu za jiko lake, zimeandikwa.