Protini ya Ubongo Inayogusa Sukari na Moyo

Katika familia nyingi mzee akishaambiwa hospitalini kwamba ana kisukari au presha, watoto humwekea kiti barazani na kumwambia: "Mama, sasa pumzika, kazi tutafanya sisi." Ni upendo, lakini upendo huo waweza kumdhuru. Mwezi huu tunaeleza sababu mojawapo, nayo inaanzia mahali ambapo wengi hawapatazamii, yaani ubongoni.

Mwaka 1982, huko Ujerumani, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen pamoja na mwenzao walitenga protini ngeni kutoka katika ubongo wa nguruwe. Wataalamu huiita kwa herufi BDNF. Ni ndugu wa protini nyingine iliyompatia Mwitalia Rita Levi-Montalcini Tuzo ya Nobel mwaka 1986, mama aliyeanza uchunguzi wake kwa mayai ya kuku chumbani mwake wakati wa Vita Kuu ya Pili. BDNF ni kama samadi shambani: hustawisha chembe za ubongo na kuzisaidia ziungane, nasi tupate kujifunza na kukumbuka.

Zamani ilidhaniwa kwamba kazi yake inaishia hapo. Sivyo. Chini ya ubongo ipo sehemu inayotuambia tumeshiba, na BDNF ni mmoja wa wajumbe wake. Panya wenye upungufu wa protini hiyo hula bila kiasi na kunenepa. Hata kwa binadamu limeonekana. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani walieleza habari za watoto wenye ugonjwa adimu wa kuzaliwa nao unaoathiri macho na figo. Wale waliokosa pia nakala moja ya chembe ya urithi inayotengeneza BDNF, wote walikuwa wamenenepa kupita kiasi kabla ya kutimiza miaka 10. Tunaomba hili likumbukwe kabla ya kumcheka mtoto mnene kwamba ni mlafi.

Kuhusu kisukari, uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wenye kisukari cha ukubwani wana BDNF kidogo katika damu, wawe wanene au wembamba, na kwamba sukari ikipanda sana ubongo hupunguza kuitoa. Nao moyo unaihitaji: panya waliozaliwa bila BDNF walikufa mapema, vimishipa vya ndani ya misuli ya moyo vikiwa vimeharibika na kuvuja damu. Huko Framingham, mji wa Marekani ambako afya ya wakazi imefuatiliwa tangu mwaka 1948, waliokuwa na BDNF nyingi walipatwa na magonjwa ya moyo mara chache zaidi. Hiyo haithibitishi kwamba BDNF peke yake ndiyo iliyowakinga. Huenda ni dalili tu ya mwili unaotunzwa.

Je, inauzwa dukani? Hapana, na anayekuuzia vidonge vya "kukuza ubongo" anakula fedha yako. Protini hii ukiimeza tumbo litaisaga kama maharage. Katika miaka ya 1990 ilijaribiwa kwa sindano kwa wagonjwa wa kupooza misuli, wala haikuleta nafuu iliyotarajiwa.

Kinachoiongeza ni mwili kufanya kazi. Katika jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 2011, wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembea kwa haraka dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa asilimia 2, hasa kwa wale ambao BDNF yao ilipanda. Wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, sehemu hiyo ilizidi kupungua.

Basi mama na aende sokoni kwa miguu, mjukuu amsindikize. Aanze polepole, baada ya kumwuliza mganga wa zahanati, na dawa zake asiache hata siku moja. Mwenye kisukari avae viatu vinavyofunika vidole na jioni akaguliwe nyayo, maana kidonda asichokihisi ndicho cha hatari. Akibanwa kifua njiani asimame, apelekwe hospitali saa ileile.