Paka Aachapo Mchanga

Katika Kiegeani, mojawapo ya kata za Wilaya ya Mafia, paka hana haja kubwa ya kutengenezewa choo. Ardhi ya kisiwa hicho ni ya kichanga kwa sehemu kubwa, na uani, chini ya minazi au kandokando ya konde la muhogo, mnyama huyo hupata udongo mwepesi wa kufukua, akajisaidia, akafukia na kwenda zake. Kwa sababu hiyo usafi wa paka huonekana kuwa jambo lisilobadilika, kama rangi ya manyoya yake. Siku anapokojoa juu ya mkeka, penye jivu la jikoni au, baya zaidi, juu ya msala, mshangao huwa mkubwa na hukumu hutolewa upesi: paka ameharibika, au analipiza kisasi. Huenda akapigwa, huenda akatiwa katika kikapu akatupwe mbali na nyumba.

Jambo hili si dogo kwa watu wa pwani. Paka huachwa aingie na kutoka vyumbani kwa kuwa mwili wake na mate yake havihesabiwi kuwa najisi. Mkojo wake ni najisi, na nyumba ambamo watu husali mikekani haiwezi kuuvumilia. Hata hivyo hukumu ya kwamba paka ameharibika aghalabu haina msingi. Madaktari wa mifugo waliochunguza tabia hii wamebainisha chanzo chake katika mambo matatu: mnyama ni mgonjwa, au mahali pake pa kujisaidia hapamfai tena, au anaweka alama ya mipaka yake. Kila kimoja kina tiba yake, na cha kwanza chaweza kumuua paka katika muda wa siku chache wakati wenye nyumba wakiendelea kumkemea.

Ili kuelewa habari hiyo, yafaa kutazama asili ya mnyama mwenyewe. Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye hadi leo huishi katika nchi kavu za sehemu hizo. Katika kisiwa cha Saiprasi wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka yapata miaka 9,500 iliyopita. Kuzoeana kwa viumbe hao wawili kulianzia kwenye ghala za nafaka, palipokuwa na panya. Katika mwambao wetu nako panya mweusi wa Asia aliletwa na vyombo vya biashara. Mifupa yake imefukuliwa huko Unguja Ukuu. Mahali penye panya wa jahazi na mpunga wa ghalani, paka hakosi kazi.

Mnyama wa nchi kavu hutunza maji. Figo za paka huyafyonza tena maji mengi kabla mkojo haujatoka, hata mkojo wenyewe huwa mzito na mkali. Zaidi ya hayo, mkojo huo una asidi amino iitwayo felinini, ambayo ikivunjika hutoa harufu ile ijulikanayo na kila mtu. Madume wasiohasiwa huwa nayo kwa wingi zaidi. Kufukia hupunguza harufu, na hivyo huficha habari za paka kwa adui na kwa paka wenziwe. Tabia hiyo hufundishwa kidogo sana. Mtoto wa paka mwenye umri wa wiki tatu au nne huanza kuparura kitu chochote kilicho laini na chepesi, hata kama mama yake hayupo. Majaribio ya kuwapa paka vitu mbalimbali wachague yameonyesha kuwa hupendelea punje ndogo mithili ya mchanga laini. Kwa maneno mengine, paka hutafuta udongo mwepesi, mkavu, mahali penye utulivu, mbali na chakula chake.

Udongo huo ndio unaokosekana Kiegeani wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei mvua hunyesha kwa wingi kisiwani, uani huloa, na mchanga uliokuwa ukimwagika kama unga hushikamana. Paka hutia mguu nje, huutikisa, kisha hurudi ndani kutafuta kilicho kavu. Ndani yapo mafiga na jivu lake jororo, yapo makapi ya mpunga, upo usumba uliorundikwa pembeni kungojea kusokotwa kamba. Kwa macho ya paka vitu hivyo havina tofauti na mchanga wa kiangazi. Kwa hakika ni bora. Huyu hajaharibika hata kidogo: anatii kanuni ileile aliyozaliwa nayo. Ndivyo ilivyo pia pale uani panaposakafiwa kwa saruji, au paka dume mgeni anapovizia mlangoni hata mwenyeji akaogopa kutoka. Kumpiga katika hali hiyo hakumwelekezi popote. Humfundisha kujificha tu, na mahali pa kujificha ni uvunguni mwa kitanda.

Paka mgonjwa

Kabla ya kutengeneza choo chochote, hapana budi kuangalia kama paka anaumwa. Kuvimba kwa kibofu humfanya akojoe kidogokidogo na kwa maumivu. Mnyama hana njia ya kujua kwamba maumivu yamo ndani yake. Huyahusisha na mahali alipokuwapo, akapakimbia mahali hapo na kujaribu pengine. Wengi huchagua kitu kilaini na cha baridi, kama sakafu ya saruji au sinia lililoachwa chini. Paka mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa mno yumkini ana ugonjwa wa figo au wa kisukari, naye hushindwa tu kufika nje kwa wakati. Minyoo na kuhara huleta uchafu wa namna nyingine.

Wa kuhofiwa zaidi ni paka dume, kwa kuwa mrija wake wa mkojo ni mwembamba. Fuwele ndogo za madini zikichanganyika na ute huweza kuuziba kabisa. Dalili zake hazifichiki kwa mtu anayetazama: paka huchuchumaa mara kwa mara, hukaa hivyo kwa muda mrefu, hulia, hujilamba sehemu za siri bila kukoma, na hapatoki kitu au hutoka matone yenye damu. Wenye nyumba wengi hudhani amefunga choo. Kumbe mkojo uliozuiliwa unarudisha taka na potasiamu katika damu; potasiamu ikizidi, moyo hupoteza mpango wa mapigo yake, na mnyama aweza kufa katika siku mbili au tatu. Hakuna dawa ya nyumbani ya hali hiyo, na kumminya tumbo ni hatari kwa sababu kibofu kilichojaa huweza kupasuka. Anayefaa kumwona ni ofisa mifugo, siku hiyohiyo. Kutoka Kiegeani makao makuu ya wilaya yako Kilindoni, katika kisiwa kilekile. Safari hiyo ianze asubuhi ya dalili, isingojee kesho.

Chakula nacho kina sehemu yake. Paka wa asili hupata maji mengi katika mwili wa windo lake, kwa hiyo hazoei kunywa sana. Akilishwa vitu vikavu siku zote, kama dagaa waliokaushwa au vichwa vya papa mkavu wenye chumvi, mkojo wake huzidi kuwa mzito. Dagaa wakirowekwa na kuoshwa, na maji safi yakiwekwa mahali mbali na sahani ya chakula, hali huwa nafuu. Maji yaliyochemshiwa samaki hufaa sana mradi hayakutiwa chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Alama za mipaka

Kuna mkojo ambao si haja. Paka achuchumaaye na kuacha dimbwi sakafuni anajisaidia. Paka asimamaye wima, akaugeuzia ukuta mgongo wake, mkia ukitetemeka, na kurusha mchirizi kwenye mguu wa mlango, huyo anaandika jina lake. Hufanya hivyo hasa madume wasiohasiwa, na majike wakati wa joto lao, au paka yeyote anapohisi kuwa mgeni ameingia katika eneo lake. Mchanga mwingi kiasi gani hautaiondoa tabia hii. Kuhasiwa ndiko kunakoikomesha au kuipunguza mno kwa madume walio wengi, na hufanya kazi vizuri zaidi kabla tabia haijakomaa.

Choo cha ndani

Katika masika, au kwa paka asiyeweza kutoka, chombo cha mchanga ndani ya nyumba ni jambo la busara. Desturi hiyo si ya kigeni kama inavyodhaniwa. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, Marekani, mwanamke mmoja aliyekuwa akimwekea paka wake jivu alichoshwa na nyayo nyeusi zilizotapakaa nyumba nzima. Alimwendea jirani yake, Edward Lowe, kuomba mchanga. Lowe akampa punje za udongo mkavu uliokuwa ukiuzwa viwandani kwa kufyonza mafuta yaliyomwagika. Kutokana na tukio hilo ikazaliwa biashara kubwa ya udongo wa paka. Kabla yake, nyumba za Marekani zilitumia mchanga na jivu, vitu ambavyo Kiegeani hupatikana bila malipo.

Karai pana, beseni kuukuu au debe lililokatwa kwa ubavu na kukunjwa kingo zake zitoshayo kukata ngozi, vyote hufaa, mradi paka aweze kugeuka humo bila kugusa kingo. Kwa watoto wa paka na kwa wazee, ukingo uwe mfupi upande mmoja. Mchanga uwe na kina cha vidole viwili au vitatu. Mchanga wa ufukweni una kasoro: chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewa, hata ukaushwe namna gani. Yafaa uoshwe kwa maji ya mvua na kuanikwa juani, au uchukuliwe mchanga wa bara ya kisiwa. Jivu tupu halifai, maana likilowa maji yake huwa makali na kuunguza nyayo na ulimi wa paka anayejilamba. Unga wa randa kutoka kwa mafundi seremala ni mzuri kama mbao hazikupakwa dawa.

Chombo kiwekwe mahali pa utulivu, si karibu na mafiga wala sahani ya chakula, na paka wakiwa wengi vyombo vizidi idadi yao kwa kimoja, kwa sababu paka mnyonge huzuiwa njia na mwenye nguvu. Uchafu utolewe kila siku. Paka wengi wanaosemekana kuwa wamekataa choo wamekataa choo kichafu tu.

Mahali palipokwisha kukojolewa hapana budi pasafishwe barabara, kwani harufu humwita paka tena. Asidi ya yuriki iliyomo katika mkojo haiyeyuki kwa urahisi majini. Hukauka katikati ya nyuzi za ukindu, na siku ya unyevu harufu hufufuka. Sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kisha siki iliyopunguzwa makali kwa maji, kisha jua kali, hutenda kazi nzuri. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isimwagwe juu ya mkojo, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu. Zile dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini nazo ni za kuepukwa penye paka. Zina fenoli, na ini la paka halina uwezo wa kuivunja sumu hiyo.

Usalama wa watu na wa bahari

Kinyesi cha paka chaweza kubeba kijidudu kiitwacho Toksoplazma, kilichotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1908 mjini Tunis katika mnyama mdogo wa jamii ya panya. Paka aliyeambukizwa hukitoa kwa muda wa wiki chache tu, kwa kawaida mara moja maishani. Mayai yake hayaambukizi yakiwa mapya; huhitaji siku moja hadi tano kukomaa, na hapo ndipo faida ya kuondoa uchafu kila siku inapoonekana. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo, kwa sababu ugonjwa huo humdhuru mtoto aliye tumboni. Hana sababu ya kumfukuza paka: nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa ni njia kubwa za maambukizo, nazo zaweza kuzuiwa jikoni. Mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe, kwa kuwa mabuu ya minyoo ya safura ya paka hupenya ngozi na kutambaa chini yake kwa mistari iwashayo.

Uchafu ufukiwe mbali na kisima na bustani ya mboga. Usitupwe baharini, wala mahali ambapo maji ya mvua huuchukua hadi baharini. Mayai ya Toksoplazma huishi kwa muda mrefu katika unyevu, na yamekwisha kuua fisi-maji wa bahari katika pwani ya California na sili katika visiwa vya Hawaii. Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, ina wanyama wake wa majini wanyonyeshao.

Masika yaishapo na mchanga wa uani ukakauka, chombo kisiondolewe ghafla. Kisogezwe hatua moja au mbili kila siku kuelekea mlangoni, kisha kibarazani, kisha uani chini ya kivuli. Mwishowe mchanga wake umwagwe pale panapotakiwa, ukiwa na kipande cha uchafu wa paka ndani yake, ili paka apatambue kwa pua yake mwenyewe.